Barua, Bustani na Chama Tawala: Funzo la Uhuru Park, Nairobi, 1989–1992

UTANGULIZI

Wahenga walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Katika siasa ya mji msemo huu una uzito wake. Mfanyakazi wa kiwandani, mama muuza maandazi, mwalimu wa shule ya msingi, hawa hawawezi kila siku kuingia katika ofisi zinamochorwa ramani za mji wao. Barua yao inaweza. Karani wa masijala huipiga muhuri wa tarehe, huiandikia namba ya jalada, na tangu siku hiyo hapana kiongozi anayeweza kusema kwa haki kwamba hakuambiwa.

Katika makala hii tunachunguza swali moja: chama tawala kifanye nini pale wananchi wanapohoji kwa maandishi uamuzi wa kujenga mji wao? Tumechagua mfano wa bustani ya Uhuru Park ya Nairobi, kuanzia mwaka 1989 hadi 1992. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mjenzi hakuwa gavana wa kikoloni wala bepari aliyejificha nyuma ya kampuni. Alikuwa chama tawala, KANU. Pili, chama hicho kilikuwa na madai ambayo sisi pia tunayo: kwamba kilileta uhuru, kwamba kinausemea umma, kwamba maendeleo ya nchi ni dhamana yake. Kuandika juu ya makosa ya adui ni kazi rahisi. Kuandika juu ya makosa ya wanaofanana nasi ni kazi ngumu, na faida yake ni kubwa zaidi.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea. Chama kinachokataa kujibu barua za watu wake hudhani kinalinda mamlaka yake. Kwa kweli kinayahamishia mamlaka hayo kwa wengine, na katika nchi zetu maskini hao wengine mara nyingi ni wenye fedha wa nje.

MJI WA KIKOLONI NA BARUA ZA WATAWALIWA

Mpangilio wa mji ni uhusiano wa matabaka ulioandikwa juu ya ardhi. Unaonyesha nani akae karibu na kazi na nani atembee kwa miguu alfajiri. Nani apate kivuli cha mti na nani apate mtaro wa maji machafu. Nairobi ni mfano ulio wazi. Mji huo ulianza mwaka 1899 kama kambi na karakana ya Reli ya Uganda, na wenyeji wa eneo hilo hawakuulizwa. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyeletwa na serikali ya kikoloni, alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Hivyo ubaguzi ukavishwa kanzu ya usafi na kinga ya maradhi. Mwaka 1948 ulitolewa Mpango Kabambe wa Nairobi, kazi ya wataalamu kutoka Afrika Kusini, na kichwa chake chenyewe kiliutaja mji huo kuwa makao makuu ya koloni.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini ni majina waliyoyarithi. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunauona kuwa ni wa wote, uliachwa wazi na wakoloni ili uwatenge wakazi wa Uhindini na wale wa Kariakoo. Hata nafasi tupu katika mji wa kikoloni ilikuwa na kazi yake ya kisiasa.

Watawaliwa hawakunyamaza. Mwaka 1921 chama kilichoongozwa na Harry Thuku mjini Nairobi kilipeleka malalamiko yake London kwa simu ya maandishi, kikipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Hakikupitia kwa machifu, na kosa hilo ndilo lililowaudhi wakoloni zaidi ya maneno yenyewe. Wahindi wa Kenya nao waliandika maombi mengi kupinga kutengwa mijini. Waraka wa Serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, uitwao Waraka wa Devonshire, uliiacha sera ya kuwatenga Wahindi na Wazungu katika makazi ya mijini. Kwa Mwafrika hali ilibaki ile ile. Kijiji cha Pangani, kilichokaliwa na Waafrika, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili, na chenye wanawake wengi waliomiliki nyumba, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakazi wake walihamishiwa kwenye mitaa ya halmashauri ya mji, mmojawapo ukiitwa Shauri Moyo.

Tukilinganisha matukio haya tunapata funzo la kwanza. Barua ya mfanyabiashara mwenye wakili, mwenye gazeti na mwenye marafiki katika Bunge la London ilisomwa. Barua ya mwenye nyumba ya udongo Pangani haikuzuia nyumba isibomolewe. Nguvu ya barua haikuwa katika uzuri wa mwandiko. Ilitegemea ni nani aliyesimama nyuma ya mwandishi, na kama mpokeaji alimwogopa au la.

UHURU NA BUSTANI

Baada ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, swali la haki lilikuwa hili: je, mji huu wa reli na wa walowezi utageuzwa kuwa mji wa wananchi? Uhuru Park ilikuwa sehemu ya jibu. Rais Jomo Kenyatta aliifungua mwaka 1969. Ni bustani yenye ekari zaidi ya 30, kando ya barabara ya Uhuru, hatua chache kutoka kitovu cha mji. Haikuwa na kiingilio. Mtu asiye na ua wa nyumba alipumzika pale chakula cha mchana kikimshinda bei. Jumapili familia zilikwenda kukaa majanini. Siku za sikukuu za taifa umati ulikusanyika. Kwa mwenye nyumba Muthaiga, bustani ya umma ni pambo. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Mathare, hiyo ndiyo sebule yake.

Mwaka 1989 ikajulikana kwamba ndani ya bustani hiyo litajengwa jengo la ghorofa 60, refu kuliko majengo yote ya Afrika ya wakati huo. Mradi uliitwa Kenya Times Media Trust. Ungekuwa na makao makuu ya KANU, ofisi za gazeti la chama hicho, Kenya Times, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200 za Marekani, na sehemu kubwa ingekopwa nje. Mbia wa KANU katika gazeti hilo alikuwa Robert Maxwell, mwenye magazeti wa Uingereza.

Tuyatazame maegesho hayo ya magari 2,000. Wafanyakazi wa Nairobi, maelfu kwa maelfu, waliingia mjini kwa miguu kutoka Kibera na kwingineko. Mchoraji aliyetenga nafasi ya magari 2,000 mahali walipokuwa wakipumzika watembea kwa miguu alikuwa ameamua jambo la kitabaka, hata kama yeye alidhani anafanya hesabu za uhandisi. Tuutazame pia mnara wenyewe. Jengo kubwa la mikutano la Nairobi, linaloitwa kwa jina la Kenyatta na kukamilika mwaka 1973, lilianza kama mradi wa makao makuu ya KANU. Chama kilichokwisha kujengewa mnara mmoja kilitaka wa pili.

BARUA ZENYEWE

Mwandishi wa barua alikuwa Wangari Maathai, profesa wa Chuo Kikuu aliyekwisha kuacha kufundisha, mwanzilishi wa Harakati ya Ukanda wa Kijani iliyoanza mwaka 1977 chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Alizisikia habari za mradi huo kwa minong'ono. Mwanzoni mwa Oktoba 1989 akamwandikia mkurugenzi wa Kenya Times, akiuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, basi jengo lihamishwe mahali pengine.

Hapa lazima tusimame tuulize: kwa nini barua? Kwa nini asiende kwa diwani wake? Jibu ni kwamba hapakuwa na diwani. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilikuwa imevunjwa mwaka 1983, na mji uliongozwa na tume iliyoteuliwa na serikali hadi mwaka 1992. Kwa nini asiende kwenye chama kingine? Tangu mwaka 1982 sheria haikuruhusu chama kingine. Kwa nini asingoje uchaguzi? Katika uchaguzi wa mwaka 1988 wapiga kura wa KANU walipangwa mistari nyuma ya wagombea, na si siri kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Milango yote ilipofungwa, ukabaki mwanya wa sanduku la posta. Kwa hiyo wale waliosema kwamba mwanamke huyu alizipita njia halali walipaswa kwanza kuzionyesha njia hizo zilikuwa wapi.

Barua hiyo ya kwanza ilifuatwa na nyingine. Ofisi ya Rais iliandikiwa. Tume ya Jiji iliandikiwa. Mkuu wa mkoa na waziri wa mazingira waliandikiwa, pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na ya elimu yaliyokuwa Nairobi. Balozi wa Uingereza aliombwa azungumze na Maxwell, kwa hoja rahisi ambayo Mwingereza yeyote aliielewa: je, ungekubali mnara kama huu ujengwe katikati ya Hyde Park ya London? Na nakala zikafika magazetini.

Tukiuchambua mtindo wa barua hizi tunaona mambo manne ambayo kada anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba barua iliuliza swali kabla ya kutoa shutuma. Kwa hiyo mpokeaji alikuwa na nafasi ya kujieleza kwa heshima. La pili, ilimtaja mhusika kwa cheo chake, na jukumu likakaa kichwani pa mtu badala ya kupotea katika neno "serikali". La tatu, ilikuwa na nakala kwa wengine, hivyo hapana ofisi iliyoweza kuikalia peke yake. La nne, ilisimama juu ya hoja ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipima: nafasi ya watu kupumzika, deni la nchi, na ulinganisho na miji mingine.

MAJIBU YA CHAMA TAWALA

Kila moja ya hoja hizo ingeweza kujibiwa. KANU ingeweza kutoa ramani hadharani. Ingeweza kueleza mkopo utalipwaje, kwa miaka mingapi, na nani. Ingeweza kuita mkutano pale pale bustanini na kuwasikiliza watu. Ingeweza hata kusema, "Tumesikia, tutatafuta kiwanja kingine." Hapana hata moja kati ya hayo lililofanyika. Waliondikiwa hawakumjibu mwandishi. Walimjibu kwa jukwaa.

Tarehe 8 Novemba 1989 Bunge liliacha shughuli zake kwa muda wa karibu dakika 45 kumzungumzia mwanamke aliyeandika barua. Wabunge hawakujadili ghorofa, mkopo wala bustani. Walijadili ndoa yake iliyovunjika, na wenzake wakaitwa kundi la wanawake walioachika. Katikati ya mwezi huo kazi ya ujenzi ikazinduliwa na bustani ikazungushiwa uzio. Maathai akaenda Mahakama Kuu. Mwezi Desemba mahakama ikaitupa kesi yake kwa maelezo kwamba yeye hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki, kana kwamba bustani ya umma haina mwenyewe. Siku moja baadaye, tarehe 12 Desemba, katika sikukuu ya Jamhuri, Rais mwenyewe aliwashambulia wapinzani wa mradi na kumkumbusha mwandishi kwamba mila za Kiafrika zinamtaka mwanamke awaheshimu wanaume. Harakati ya Ukanda wa Kijani ikapewa saa 24 kuondoka katika ofisi ya serikali iliyokuwa imeitumia kwa miaka kumi. Kazi ikahamia nyumbani kwa mwandishi.

Tunayataja haya bila kufurahia aibu ya jirani. Tunayataja kwa sababu yana mantiki inayojirudia kila mahali umangimeza unapoota mizizi. Kiongozi asiye na jibu kwa swali humtafutia kosa muulizaji. Kwanza huuliza, "Yeye ni nani?" Kisha huuliza, "Nani yuko nyuma yake?" Swali la tatu, "Je, anasema kweli?", haliulizwi kabisa. Na mila huletwa jukwaani siku hiyo tu, na wale wale ambao siku nyingine zote hawaikumbuki.

NANI ALIYEAMUA MWISHONI?

Matusi yalifanya kazi ambayo barua peke yake isingeweza. Yaliwafahamisha watu wote kwamba kuna jambo la kuulizwa. Wananchi wakaanza kuwaandikia wahariri wa magazeti. Wengine waliandika bila kutaja majina yao, kwa woga, wengine waliyataja. Swali la bustani likawa swali la nani mwenye nchi.

Habari zikawafikia wenye mkopo. Wafadhili na wakopeshaji wa nje wakaanza kusita: kwa nini serikali inayoomba msaada kila mwaka ikope dola milioni 200 kwa ajili ya mnara wa chama? Mwishoni mwa Januari 1990 serikali ikatangaza kwamba mradi utapunguzwa. Mnara wa ghorofa 60 haukujengwa. Mwanzoni mwa mwaka 1992 uzio ukaondolewa, na watu wakarudi kukaa kwenye majani.

Wengi huisimulia habari hii kama ushindi na kuishia hapo. Sisi tunaomba wasomaji waitazame mara ya pili. Bustani iliokoka, na tunafurahi kwa hilo. Lakini ni nani aliyeamua? Si Bunge, maana Bunge lilishangilia. Si mahakama, maana ilifunga mlango. Si Tume ya Jiji, wala vikao vya KANU. Uamuzi ulichukuliwa pale mwenye fedha aliposita. Chama kilichojivunia kuwatoa Waingereza kilingoja ishara kutoka kwa wakopeshaji ili kifanye jambo ambalo raia wake mwenyewe alikuwa amekiomba, kwa stempu ya posta, miezi minne kabla. Hapo ndipo uhuru ulipopata hasara, na hasara hiyo haikuletwa na mwandishi wa barua. Ililetwa na wasiojibu.

Kuna jambo jingine. Chama kilimwona raia wake kuwa ni wa kutiliwa shaka, na kikamwamini mbia wake wa kigeni. Robert Maxwell alikufa Novemba 1991. Baada ya kifo chake ikagundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa makampuni yake. Huyo ndiye aliyepewa nafasi ndani ya bustani ya umma, na aliyeitetea bustani akaambiwa hana haki ya kusema. Uchambuzi wa kitabaka usingehitaji kungoja kifo cha bepari huyo ili kujua nani ni rafiki na nani si rafiki.

MIPAKA YA BARUA

Tusiitukuze barua kupita kiasi. Ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni ya kitabaka.

Kwanza, barua ni chombo cha ajuaye kusoma na kuandika, na mara nyingi ajuaye lugha ya ofisi. Wangari Maathai alikuwa na shahada ya udaktari aliyoipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Alijua anwani za mashirika ya dunia na alijua nani amwandikie. Mama wa Mathare ambaye kibanda chake kinavunjwa alfajiri hana masijala ya Umoja wa Mataifa ya kuandikia. Miji yetu imejaa watu ambao nyumba zao zilivunjwa bila hata barua moja kubaki katika jalada.

Pili, barua ni ya mtu mmoja mpaka iungwe mkono na wengi. Mwaka 1992 ilionekana tofauti hiyo. Mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika kona moja ya Uhuru Park na kugoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Mwanzoni mwa Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Pale barua zilipokuwa zimefika mwisho, miili ya watu iliendelea. Lakini hata mgomo huo ulifanyika mahali ambapo barua zilikuwa zimepalinda.

Tatu, barua huzuia zaidi kuliko inavyojenga. Inaweza kuokoa bustani. Haiwezi peke yake kumpatia mkazi wa Kibera maji na choo. Kwa kazi hiyo unahitajika mpango, fedha, na chombo cha umma kinachowajibika. Ndiyo maana makada wasidhani kwamba kufungua sanduku la maoni ni sawa na kuwapa wananchi madaraka.

Hata hivyo tuhesabu kilichobaki. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 iliufungua mlango wa mahakama uliofungwa mwaka 1989, kwa kumpa kila mtu haki ya kushtaki kutetea mazingira. KANU ilishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2002. Mwaka 2004 mwandishi wa barua alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011. Na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilitiwa saini mbele ya umati, ndani ya Uhuru Park. Kama mnara ungejengwa, taifa hilo lingelazimika kutafuta mahali pengine pa kukusanyika siku hiyo.

NA SISI JE?

Nyani haoni kundule. Tutakuwa tumeandika bure kama msomaji atafunga kurasa hizi akiwacheka majirani.

Misingi yetu ilikuwa mizuri. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe, akiwaonya wana-TANU dhidi ya kuukwepa ukweli kwa sababu ya aliyeusema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na ukataka wananchi washiriki katika kuamua mambo yao. Tena nchi yetu ilikuwa na chombo kilichojengwa juu ya barua za wananchi. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966. Mkulima au karani aliyeonewa na mwenye cheo aliweza kuiandikia Tume hiyo, au kuieleza kwa mdomo ilipotembelea mikoa. Mwaka 2001 kazi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Lakini tulifanya na yetu. Mwaka 1972, kwa nia njema ya kupeleka madaraka mikoani, tulivunja serikali za mitaa. Madaraka yalikwenda mikoani, lakini yalikwenda kwa watumishi. Miji ikabaki bila halmashauri zake, na kazi za mji zikadorora, hata ikabidi mwaka 1978 halmashauri za miji zirudishwe, na za wilaya zikafuata mwaka 1984. Ramani za Dar es Salaam nazo zina historia ya kutufundisha. Mpango wa mwaka 1949 ulichorwa na kampuni ya Uingereza. Mpango Kabambe wa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na ule wa mwaka 1979, yote miwili ilichorwa na makampuni ya Kanada. Hatusemi kwamba mgeni hajui kuchora. Tunauliza: mkazi wa Manzese, ambaye mtaa wake ulikua bila kungoja ramani ya mtu, aliulizwa wapi? Mipango hiyo ilipofika kwenye hali halisi, watu walikuwa wameshajenga.

Leo Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe katika kupanga miji. Sheria ni nzuri. Lakini tumeona jinsi ushirikishwaji unavyoweza kugeuzwa kuwa mahudhurio: watu wanaitwa, wanasaini karatasi ya posho, wanaonyeshwa ramani iliyokwisha kupitishwa, wanapiga makofi, wanakwenda zao. Na anayebaki nyuma kuuliza kiwanja cha watoto kimeenda wapi huambiwa kwamba anapinga maendeleo. Hapo hatuna tofauti kubwa na wale wa mwaka 1989.

KAZI YA MAKADA

Tunamaliza kwa mambo ya kutenda, maana nadharia isiyofika kwenye tawi ni mapambo.

Kwanza, kila barua ya mwananchi kuhusu kiwanja, barabara, soko au bustani ijibiwe kwa barua, na kwa hoja. Jibu la "hapana" lenye sababu linamheshimu mtu kuliko ukimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Pili, ramani ya mradi ibandikwe mahali watu wanapopita, kwa Kiswahili, kabla ya mkataba kusainiwa. Mwananchi hawezi kuandika barua juu ya jambo linalofichwa, na uamuzi unaoogopa kusomwa una ugonjwa tayari.

Tatu, kada asaidie kuandika. Mzee asiyejua kuandika akija tawini na lalamiko, katibu achukue kalamu, aandike maneno ya mzee kama yalivyo, ayasome kwa sauti, mzee akubali, kisha barua ipelekwe na nakala ibaki. Kwa njia hii chombo cha wasomi kinakuwa chombo cha wavujajasho.

Nne, kiongozi anayepokea barua kali ajizuie kuuliza kwanza aliyeituma ni nani. Aanze na swali la tatu: je, ni kweli? Akikuta ni kweli, hana haja ya maswali mengine.

Tano, mali na majengo ya Chama yasijengwe juu ya ardhi ya umma kwa kisingizio kwamba Chama ni umma. Chama kinaupata uhalali wake kwa watu wenye bustani hiyo. Siku kikijiona ndicho mwenyewe wa bustani, watu watapaswa kukiandikia barua kama walivyomwandikia gavana.

Katika masijala za miji yetu ziko barua ambazo hazijajibiwa. Nyingine zimeandikwa vizuri, nyingine kwa mwandiko wa shida juu ya karatasi ya daftari. Tunawashauri wanafunzi wetu wa siasa, kabla hawajaanza sura nyingine ya nadharia, waende wakaombe ruhusa ya kuzisoma.